Kandanda na Udaktari: Nia ni ya Mtoto, Njia ni ya Umma

Wazee wetu walinena kwamba njia mbili zilimshinda fisi, na wakasema pia kwamba mshika mbili moja humponyoka. Sisi hatuna ugomvi na hekima ya wazee. Ugomvi wetu ni kwa wale wanaoziondoa methali hizi mahali pake na kuzigeuza kufuli la mlango. Mtoto wa kike akirudi skuli, akamaliza kazi za nyumbani na kuomba ruhusa ya kwenda kiwanjani, mara huambiwa achague moja: mpira au kitabu. Ndugu yake wa kiume, ambaye pengine hata hicho kitabu hajakifungua tangu asubuhi, huwa amekwisha ondoka zamani, na hakuna aliyemtolea methali.

Kwa sababu hiyo tumeona leo ni wajibu wetu kuwasimulia wananchi, na hasa ndugu zetu waliokabidhiwa madaraka ya elimu, afya na michezo, habari za mwanamke mmoja aliyezishika njia mbili kwa pamoja hadi akafika. Jina lake ni Nadia Nadim. Amecheza kandanda ya kulipwa katika nchi kadhaa za Ulaya na Marekani, na ni daktari wa tiba. Hatumleti hapa ili apigiwe makofi, maana makofi hayajengi skuli wala hayasawazishi kiwanja. Tunamleta kwa sababu maisha yake yanajibu swali ambalo hapa kwetu hujibiwa kwa haraka mno.

Nadia alizaliwa tarehe 2 Januari 1988 katika mji wa Herat, Afghanistan. Baba yake, Rabani Nadim, alikuwa jenerali wa jeshi. Mwaka 1996 Taliban waliuteka mji mkuu wa Kabul, na miongoni mwa amri zao za mwanzo ilikuwa ni kuwafungia wasichana milango ya skuli. Mwaka 2000 baba huyo aliuawa na Taliban. Mama yao, Hamida, akabaki mjane mwenye mabinti watano, katika nchi ambayo mwanamke alikatazwa kazi, alikatazwa masomo, na hata kutoka nje peke yake ilikuwa ni kosa.

Mama akakata shauri. Akawachukua wanawe, wakapitia Pakistan, wakafika Italia kwa hati za kughushi, na kutoka hapo wakasafiri wakiwa wamefichwa ndani ya gari la mizigo. Walidhani wanapelekwa London. Waliposhushwa na kuuliza, waliambiwa kwamba nchi ile ni Denmark. Nadia alikuwa hajatimiza hata miaka 13.

Familia ile iliwekwa katika kambi ya wakimbizi, karibu na mji wa Aalborg. Jirani na kambi palikuwa na viwanja vya mpira, na hapo ndipo mtoto huyu alipoona jambo ambalo kwao halikuwa likionekana: wasichana wa rika lake wakicheza kandanda mchana kweupe, na hakuna aliyewafukuza. Akaanza kwa kusimama pembeni. Halafu akaingia. Klabu ya Gug, iliyokuwa jirani, ikampokea, kisha akahamia B52 Aalborg, na baadaye akachezea Team Viborg, Skovbakken ya mjini Aarhus na Fortuna Hjørring.

Mwaka 2009 aliitwa katika timu ya taifa ya Denmark. Hapo palizuka kizuizi, kwani kanuni za FIFA za wakati ule zilimtaka mchezaji aliyepewa uraia awe ameishi katika nchi hiyo miaka mitano baada ya kufika umri wa miaka 18, naye alikuwa hajaitimiza. Shirikisho la kandanda la Denmark halikukunja mikono. Lilipeleka hoja zake FIFA, na FIFA ikakubali kwamba hali ya mtoto aliyekimbia vita si sawa na ya mchezaji anayenunuliwa uraia. Akawa mtu wa kwanza aliyepata uraia kwa kuandikishwa kuichezea timu ya taifa ya wakubwa ya Denmark, na baadaye akaichezea zaidi ya mara mia moja.

Safari yake ya kazi ilimfikisha mbali. Mwaka 2014 alikwenda Marekani kuchezea Sky Blue, na mwaka 2017 akawa bingwa wa nchi hiyo akiwa na Portland Thorns. Mwaka huo huo, katika mashindano ya mataifa ya Ulaya, alifunga bao la kusawazisha dhidi ya Wajerumani walipotolewa na Denmark kwa mabao 2 kwa 1, na katika mchezo wa mwisho dhidi ya Uholanzi akafunga penalti ya dakika ya 6, ingawa Denmark walishindwa kwa mabao 4 kwa 2. Aliichezea Manchester City, na baadaye akahamia Paris Saint-Germain, ambayo mwaka 2021 ilichukua ubingwa wa ligi ya wanawake wa Ufaransa kwa mara ya kwanza. Kutoka hapo alikwenda Louisville, Marekani, na mwaka 2024 akajiunga na AC Milan ya Italia.

Katika miaka hiyo yote alikuwa na kazi ya pili. Alikuwa mwanafunzi wa udaktari katika Chuo Kikuu cha Aarhus. Ligi ilipofungwa na wenzake kwenda kupumzika, yeye alirudi Denmark kwenye vitabu na wodi za mafunzo. Masomo ambayo kwa kawaida huchukua miaka sita yalimchukua zaidi ya hiyo, na hakuona aibu. Mwezi Septemba 2021 kano ya goti lake ilikatika akiwa Louisville, ajali ambayo kwa mchezaji wa umri wa miaka 33 huwa ni kengele ya kuaga. Januari 2022 akatangaza kwamba amehitimu udaktari. Amesema mara nyingi kwamba shabaha yake ni upasuaji wa kurekebisha maungo yaliyoharibika.

Sasa tuulize swali lililotufanya tukae kuandika. Je, haya yaliwezekana kwa sababu Nadia ni kiumbe wa ajabu? Hapana shaka ana kipaji na ana moyo wa chuma. Lakini mabinti wenye kipaji na moyo wa chuma wapo Herat hadi leo, na wapo Makunduchi na Micheweni. Tukisema kwamba yeye ni muujiza tutakuwa tumejitafutia udhuru, kwani muujiza haudai bajeti, na hakuna ofisa anayeulizwa kwa nini muujiza haukutokea katika wilaya yake. Wasemao penye nia pana njia wamesema nusu ya kweli. Nia ilikuwa ya mtoto huyu na mama yake. Njia ilikwisha jengwa na watu wengine kabla yeye hajafika.

Tuitazame njia hiyo ilijengwa kwa mawe gani. Kwanza ni kiwanja. Katika nchi ile sheria inazitaka serikali za mitaa kuvipatia vyama vya wananchi viwanja na majengo ya michezo, na kusaidia shughuli za vijana walio chini ya umri wa miaka 25. Klabu ndogo ya kijijini huendeshwa na wazazi wanaojitolea, lakini hawahangaiki kutafuta mahali pa kuchezea. Pili ni masomo. Raia hatozwi ada ya chuo kikuu, na mwanafunzi hupewa posho ya kujikimu na serikali, awe mtoto wa tajiri au wa mjane. Tatu ni subira ya chuo chenyewe, ambacho hakikumfukuza mwanafunzi kwa sababu amechukua muda mrefu, maadamu alikuwa akiyalipa masomo yake moja baada ya moja.

Hatusemi kwamba Denmark ni pepo. Nchi hiyo hiyo mwaka 2016 ilipitisha sheria ya kuwapekua wakimbizi na kuchukua mali yao ya thamani inayozidi kroni 10,000, na hatuoni fahari yoyote katika jambo hilo. Wala huko nako mwanamke hakupewa haki zake zote pasipo kuzidai. Mwezi Oktoba 2017, miezi miwili tu baada ya kufika mchezo wa mwisho wa Ulaya, wachezaji wanawake wa Denmark waligoma kuingia uwanjani dhidi ya Sweden kwa sababu ya mzozo wa malipo na haki za kazi, na Sweden wakapewa ushindi wa mezani. Mafunzo hapo ni mawili. La kwanza ni kwamba umoja wa wafanyakazi ni silaha, hata kama kazi yao ni mpira. La pili ni kwamba mchezaji mwanamke anahitaji taaluma ya pili zaidi kuliko mwanamume, kwa kuwa mpira humlipa kidogo na magoti hayana pensheni.

Iko hoja nyingine ambayo husikika barazani, kwamba kandanda hudhuru mwili wa mwanamke. Hoja hii ina umri wa zaidi ya miaka mia moja. Tarehe 26 Desemba 1920, huko Liverpool, Uingereza, timu ya wanawake wafanyakazi wa kiwanda cha Dick, Kerr ilicheza mbele ya watazamaji wapatao 53,000, na mapato yakaenda kwa wenye shida. Mwaka mmoja haukutimia. Tarehe 5 Desemba 1921 wakuu wa kandanda wa Uingereza walivikataza vilabu vyao visiwape wanawake viwanja, na baadhi ya madaktari wa zama zile walitoa ushahidi kwamba mchezo ni mzito mno kwa maumbile ya kike. Katazo hilo lilidumu kwa takriban nusu karne. Wananchi watazame kwa makini namna lilivyofanywa. Wanawake wale hawakukatazwa kuupenda mpira. Walinyimwa kiwanja tu, na hiyo ilitosha.

Hata hivyo Lily Parr, mchezaji mashuhuri kuliko wote wa timu ile, aliendelea kucheza kwa miaka mingi huku akifanya kazi ya uuguzi hospitalini. Na ilipopita karne moja baada ya madaktari wale kutoa ushahidi wao, alitokea daktari ambaye yeye mwenyewe ni mwanamke na ni mfungaji wa mabao. Ushahidi wake una uzito zaidi kuliko wa waliomtangulia.

Tena tusisahau kwamba mwanamume aliyeunganisha mambo haya mawili husifiwa na watu wote. Sócrates, nahodha wa Brazil katika Kombe la Dunia la mwaka 1982, alisomea udaktari huku akichezea Botafogo, klabu ya mji wa Ribeirão Preto alikosomea. Wazee wetu waliomwona katika televisheni walimwita Daktari kwa mapenzi. Hatujapata kusikia hata mmoja aliyesema kwamba angelichagua moja.

Wapo na wenzetu ambao wasiwasi wao ni wa dini, na hao tunawaheshimu, kwani sisi nasi tumekaa juu ya mkeka wa chuoni na kusoma Juzuu kabla hatujaijua kalamu ya skuli. Tuliyoyasoma huko hayakutufundisha kumfungia mtoto wa kike. Dini yetu imeifanya elimu kuwa faradhi bila ya kuweka mpaka baina ya mume na mke. Imepokewa kwamba Rufaida, mwanamke wa Kiansari, alikuwa na hema lake la kuwatibu majeruhi katika zama za Mtume, na kwamba majeruhi wa vita vya Khandaki walipelekwa kwake. Imepokewa vile vile kwamba Mtume alishindana mbio na Bibi Aisha. Suala la stara ni la haki, na lina jawabu. Tangu mwaka 2014 sheria za kandanda duniani zimeruhusu hijabu uwanjani, na mwaka 2023 Nouhaila Benzina wa Morocco aliivaa katika Kombe la Dunia. Basi tuizungumze nguo, tuizungumze saa ya kurudi nyumbani, na tumzungumze mwalimu wa kike wa kuwasimamia. Haya yote yanapangika.

Na anayetaka kuona mwisho wa njia ya kufungia, na aitazame leo ile Afghanistan aliyoikimbia Nadia. Taliban walirudi madarakani mwezi Agosti 2021. Wasichana wamefungiwa skuli baada ya darasa la sita. Mwezi Desemba 2022 wakafungiwa vyuo vikuu. Mwezi Desemba 2024 wakafungiwa hata vyuo vya uuguzi na ukunga, ambavyo vilikuwa ndivyo upenyo wao wa mwisho. Wachezaji wa timu yao ya taifa ya kandanda walikimbilia ng'ambo, wengi wao Australia. Nchi hiyo hiyo inasisitiza kwamba mwanamke asitibiwe na mwanamume, na papo hapo inamkataza mwanamke kujifunza kutibu. Tunamwuliza kila mzazi wa kiume anayesoma safu hii: siku mkeo anaposhikwa na uchungu usiku wa manane, utampeleka kwa nani, ikiwa kila binti wa mtaa alikwisha ambiwa abaki nyumbani?

Visiwa vyetu havikuanzia sifuri. Mwezi Septemba 1964, miezi michache baada ya Mapinduzi, Serikali ilitangaza elimu bila ya malipo, na mtoto wa mkulima akakaa benchi moja na mtoto wa mwenye shamba. Leo Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kinasomesha udaktari hapa hapa nyumbani. Katika kandanda, mwaka 2007 filamu ya Florence Ayisi iliwaonyesha walimwengu wasichana wa Women Fighters ya Unguja, waliokuwa wakifanya mazoezi huku baadhi ya jirani wakiwazomea. Kwa hiyo skuli tunayo, masomo ya udaktari tunayo, na wasichana wenye nia tunao. Kinachokosekana ni daraja la kuviunganisha.

Daraja hilo ni kazi ya mpango, na sisi tunapendekeza mambo manne. La kwanza, kila shehia ihifadhi kiwanja chake kwa maandishi, na masheha wasikubali kikatwe viwanja vya nyumba. Na katika kiwanja hicho ziwekwe siku maalumu za wasichana, chini ya mwalimu wa kike. Saa za magharibi ambazo wavulana wamekwisha choka si siku maalumu. La pili, wakuu wa skuli wapange mitihani na mashindano kwa kalenda moja, ili mchezaji asilazimishwe kuikimbia timu yake au kuufeli mtihani wake.

La tatu, vyuo vyetu, vikiwemo vya afya, viweke utaratibu ulio wazi wa kumruhusu mwanafunzi mchezaji kusimama kwa muhula au mwaka, kisha arejee bila ya kupoteza nafasi wala mkopo wake. Asiachwe kutegemea huruma ya ofisa mmoja ambaye kesho atahamishwa. La nne, klabu yoyote inayomchukua msichana imwandikie mkataba unaotaja masomo yake na matibabu yake akiumia. Klabu inayomtumia mtoto kwa misimu mitatu na kumrudisha kwao na goti bovu na bila ya cheti haijamwendeleza. Imemnyonya.

Tunajua jawabu litakalotoka katika baadhi ya ofisi, kwamba fedha hazitoshi. Tunakubali kwamba sisi si Denmark na hazina yetu si yao. Lakini katika mambo manne tuliyoyataja, kiwanja kipo tayari na kinachohitajika ni kukilinda, kalenda ni karatasi, kanuni ya chuo ni kikao, na mkataba ni wino. Anayesema hata haya yanahitaji mfadhili, huyo hatafuti fedha, anatafuta kisingizio.

Kwa wazazi tunalo neno moja la mwisho. Hamida, mama yake Nadia, alifariki dunia mwezi Novemba 2022 kwa ajali ya gari, wakati binti yake yuko Qatar akitangaza Kombe la Dunia. Alikuwa amekwisha mwona mwanawe akivaa jezi ya taifa na akipata shahada ya udaktari. Mama huyo hakuwa na mume, hakuwa na nchi, na lugha ya wenyeji aliikuta ugenini. Hata hivyo hakumwambia mtoto wake achague moja. Sisi tuna nchi, tuna lugha, tuna skuli zetu, na bahari yetu imetulia. Jioni ya leo binti atakapokuja mlangoni, kitabu amekwisha kisoma na viatu vya mpira viko mkononi, tusimtolee methali. Tumwulize atarudi saa ngapi, kisha tumfungulie mlango.